Mbwa dume na jike, wote mara ya kwanza kupandana: mmoja anapanda kichwani, mwingine anang'ata. Nimekosea wapi wakuu?

#1 Kijana wa Goba
9 Machi, saa 3:40 usiku

Wakubwa shikamooni, wadogo mambo.

Nina jike wa German Shepherd, mweusi tii, anaitwa Chausiku. Ana miaka miwili na miezi miwili. Joto la kwanza na la pili (ule msimu wa jike kutaka dume) nilimfungia, likapita. Hili la tatu nikasema sasa binti amekua, apate watoto. Damu niliiona tarehe 1 mwezi huu, matone matone kwenye sakafu ya kibaraza, nikaanza kuhesabu.

Kila niliyemuuliza mtaani kaniambia siku ya tisa ndiyo siku yenyewe. Siku ya tisa ni leo. Nina jamaa yangu wa Kimara, naye yumo humu jukwaani, ana dume wa miezi 18 anaitwa Bosco. Mbwa mzuri, kifua kipana, ila hajawahi kukutana na jike tangu azaliwe. Tukakubaliana, nikampakia kwenye bajaji saa sita mchana nikamleta kwangu.

Sasa kilichotokea. Bosco kafika, badala ya kumwendea mwenzake kaanza kuzunguka uwanja anainua mguu. Geti kakojolea, ndoo kakojolea, tairi la pikipiki ya mlinzi kakojolea. Nusu saa nzima. Baadaye ndiyo kamfuata Chausiku, kamnusa, kampanda... kichwani. Nikamgeuza. Kampanda ubavuni. Nikamgeuza tena. Chausiku kakaa chini kama anasubiri daladala. Nilipomwinua kageuka kamng'ata Bosco sikio mpaka likatoka damu. Watoto wa mtaa wamejaa juu ya ukuta wanashangilia utadhani Simba na Yanga. Mpaka saa kumi na moja hakuna kitu, Bosco kalala chini ya mwembe ulimi nje.

Jamaa anasema jike wangu ana kiburi. Mimi nasema dume wake hajui kazi. Nani mkosaji?

#2 Pilipili Kichaa
9 Machi, saa 3:52 usiku

Mkosaji ni wewe. Hata mimi unioze saa sita mchana, jua la Dar, watoto wamepanda ukutani wanapiga miluzi, nitakojolea tairi.

#3 Baba Bosco
9 Machi, saa 4:15 usiku

Mwenye dume ni mimi. Sikio limeshonwa nyuzi mbili jioni hii. Neno kiburi nililisema na silirudishi. Ila nikiri, hata mimi sijawahi kupandisha mbwa. Tulidhani ukiwaweka pamoja wanajua wenyewe, mbona mbwa koko hawafundishwi na mtu?

#4 Bwana Mifugo
9 Machi, saa 5:03 usiku

Mlioandika juu, mbwa wenu hawana kosa. Kosa la kwanza ni kalenda.

Hiyo siku ya tisa ya mtaani sijui ilitoka wapi, lakini inaharibu kazi kila msimu. Joto la jike lina vipindi. Cha kwanza uke unavimba, unakuwa mgumu ukiugusa, damu inatoka nyekundu, madume yanamfuata na yeye hataki kusikia. Wastani wake ni siku 9, ila kuna jike anakimaliza kwa siku 3 na kuna anayekwenda mpaka 17. Kipindi cha pili ndicho cha kukubali, nacho wastani wake ni siku 9 hivi. Kwa hiyo siku ya tisa kwa wengi ni siku ya mwisho ya kung'ata watu masikio. Wengi wanakubali kati ya siku ya 10 na ya 14, na wapo wa siku ya 7 na wapo wa siku ya 20.

Acha kuhesabu, mtazame jike. Damu itapauka mpaka iwe kama maji yaliyosuuzia nyama. Uke unabaki mkubwa lakini unalainika. Halafu mkune mgongoni juu ya mkia: akisimama imara, akausogeza mkia pembeni na kuinua uke kidogo, huyo yuko tayari. Akikaa au akigeuka na meno, mrudishe bandani, jaribu kesho.

Na kukubali peke yake hakutoshi, maana mayai ya mbwa yanatoka yakiwa mabichi. Yanahitaji siku mbili hivi kuiva, kisha yanaishi siku mbili tatu tu. Mbegu za dume zenyewe zinaweza kukaa hai ndani ya jike siku tano mpaka saba. Ndiyo maana tunapandisha mara mbili, siku moja katikati ya kupumzika: mbegu zikawahi kufika, zikasubiri mayai.

Mwenye hela apime damu, homoni inaitwa projesteroni. Ikifika kama nanogramu 5 kwa mililita mayai yanatoka, unaongeza siku mbili unapandisha. Asiye na hela, daktari achukue ute wa uke kwa kijiti cha pamba, aupake kwenye kioo, atazame seli kwa hadubini. Kazi ya dakika kumi kwa anayejua. Pale chuo kikuu cha SUA, Morogoro, tulifundishwa hivyo na bado ndiyo ninayoitumia kila wiki.

Na kabla ya yote: hao mbwa wamepimwa?

#5 Kijana wa Goba
10 Machi, saa 12:20 asubuhi

Daktari asante sana. Damu ya Chausiku leo bado nyekundu kabisa. Kupimwa... chanjo ya kichaa cha mbwa wote wanayo, dawa ya minyoo nimempa mwezi uliopita. Kuna kingine?

#6 Bwana Mifugo
10 Machi, saa 1:05 asubuhi

Kipo. Bruselosi ya mbwa, ugonjwa wa kuambukiza, inapimwa kwa damu. Dume anaonekana mzima wa afya, jike anaonekana mzima, halafu mimba inaharibika karibu na siku ya 45 mpaka 55, na binadamu anayeshika vile vitoto bila glavu anaweza kuupata. Pia kagueni sehemu za siri kwa macho. Kuna uvimbe unaoambukizwa kwa kupandana, unafanana na koliflawa, unavuja damu. Mbwa wa mitaani wanao sana. Mtu anaona damu inadondoka kwa jike anadhani ni joto, miezi mitatu haliishi. Unatibika kwa sindano ya vinkristini kila wiki kwa wiki kadhaa, lakini ukiupeleka kwa dume wa mwenzio jiandae kulipa.

Baba Bosco, kokwa zote mbili zimeshuka?

#7 Baba Bosco
10 Machi, saa 1:30 asubuhi

Zote mbili ziko mahali pake, nimetoka kuhesabu sasa hivi. Jirani ameniangalia vibaya.

#8 Mama Mabanda
10 Machi, saa 4:44 asubuhi

Nafuga na kuzalisha mbwa hapa Arusha mwaka wa kumi na moja sasa. Daktari amesema la siku, mimi nitasema la kuwashika, maana hapo ndipo wengi wanapoaibika.

Moja, jike ndiye anayekwenda kwa dume. Wewe ulifanya kinyume. Dume mgeni kwenye uwanja wa mwenzake anaona harufu mpya kila kona, lazima kwanza aandike jina lake, ndiyo hayo matairi. Na jike akiwa nyumbani kwake analinda. Mpeleke Chausiku Kimara.

Saa. Alfajiri, kabla ya jua na kabla ya chakula. Dume mchanga akipanda na tumbo limejaa anatapika, nimeona mara nyingi.

Watu. Wawili basi. Mmoja kwenye kichwa cha jike, mmoja upande wa dume. Na huyo wa kichwani awe mwenye jike mwenyewe, anayejua sauti yake. Simu mfukoni, hakuna video.

Sasa chini. Mkifanyia kwenye marumaru au sakafu ya saruji iliyosuguliwa, dume anapanda, miguu ya nyuma inateleza, anashuka, anapanda, anateleza, baada ya mara sita amechoka na amekata tamaa. Tandikeni zulia kuukuu au magunia yaliyoloweshwa kidogo, au nendeni kwenye nyasi. Dume akiwa mfupi kuliko jike, jike asimame bondeni kidogo.

Waacheni wacheze kwanza na kamba zao, dakika kumi, robo saa. Kucheza ndiyo kutongozana kwao. Anainamisha kifua chini, anaruka, anakimbia, anarudi. Dume asiyejua anajifunzia hapo. Atapanda kichwani, ndiyo, wote wanaanzia kichwani. Usimpigie kelele! Hili ni kubwa kuliko yote niliyosema. Mbwa wengi wa nyumbani wamekuzwa kwa "acha! shuka!" kila walipopanda mto au mguu wa mgeni. Siku ya kazi anapanda huku anakutazama usoni kama mtoto aliyeiba sukari. Baba Bosco jiulize kama si wewe. Ukimsukuma kwa hasira mara mbili, huyo dume unaweza kumharibu mwaka mzima. Mgeuze jike taratibu, nyuma yake imwelekee dume, basi.

Na dume mchanga anaweza kuvimba fundo la uume nje kabla hajaingia. Mkiona hivyo mwondoeni, mpeni maji, apumzike mpaka lirudi lenyewe. Msimwache anajaribu kwa saa tano nzima kama mlivyofanya jana. Robo saa, ishirini kwa wingi, pumzika.

#9 Baba Bosco
10 Machi, saa 5:10 asubuhi

Mama Mabanda nimekoma. Mguu wa mama mkwe ulipandwa Krismasi na nilimchapa na kandambili. Bosco, si mama mkwe.

#10 Kamau wa Ruiru
10 Machi, saa 7:25 mchana

Wadau wa Bongo hamjambo. Mimi niko huku Kiambu. Niongezee kisa changu kwa sababu nyote mnadhani jike akikataa ni siku haijafika.

Wangu alikuwa tayari kabisa, mkia pembeni, damu imepauka, projesteroni tulipima ikawa sawa. Dume naye alikuwa mzoefu. Kila akiingia kidogo tu, jike analia na kulala chini. Siku mbili mfululizo. Nikampeleka kwa madaktari wa kitivo cha mifugo kule Kabete, daktari akavaa glavu, akatia kidole, akakuta kuna ukanda wa nyama umekatiza ndani ya uke, alizaliwa nao. Hata angekuwa dume gani asingepita, na tungelazimisha tungemuumiza vibaya. Kwa jike ambaye hajawahi kupandwa, hicho kidole cha daktari ni cha kwanza kabla ya nauli ya kwenda kwa dume.

#11 Bwana Mifugo
10 Machi, saa 8:02 mchana

Kamau umenena. Kijana wa Goba fanya hilo kesho, na hapo hapo achukuliwe ute wa kutazama.

#12 Mtetezi wa Koko
10 Machi, saa 2:30 usiku

Samahani kuwaharibia harusi. Kwa nini mnawapandisha? Mitaa imejaa mbwa wanakula majalalani. Na hao German Shepherd nyonga zao zinajulikana kwa ubovu, mnazalisha vilema mnaita mbegu bora. Mmewapiga picha nyonga?

#13 Kijana wa Goba
10 Machi, saa 2:51 usiku

Hapana. Ila Chausiku anaruka ukuta wa futi nne bila shida.

#14 Mama Mabanda
10 Machi, saa 3:20 usiku

Kuruka ukuta si picha. Mtetezi ana maneno makali lakini kwenye hili amesema kweli, na mimi ningependelea Bosco angengoja. Nyonga zinasomwa vizuri mbwa akitimiza miezi 24, yeye ana 18. Mimi dume wangu simpandishi kabla ya picha. Wengine watasema hela ya eksirei iko wapi. Sawa, lakini basi mnunuzi aambiwe kwamba wazazi hawajapigwa picha, asiuziwe maneno.

#15 Baba Bosco
10 Machi, saa 3:41 usiku

Tutawaambia. Ila watoto sita tayari wana wenyewe: mimi wa kwanza nachagua, ndugu wa Goba mmoja anabaki naye, wanne wana watu. Hakuna wa jalalani.

#16 Mswahili wa Tanga
10 Machi, saa 4:09 usiku

Mimi nasoma tu, kwetu mbwa hukaa nje akilinda shamba, akikulamba ni maji mara saba, moja yake ya udongo. Lakini nataka kusema jambo. Udogoni, mbwa wakinasana njiani sisi watoto tulikuwa tunawarushia mawe, na mama mmoja jirani alitoka na sufuria la maji ya moto. Nilimwona yule jike akimburuta mwenzake kwa nyuma, wanalia wote wawili, mpaka wakaingia kwenye mkonge. Sauti ile ninayo mpaka leo. Mwalimu wetu wa madrasa alitukusanya jioni, akatusimulia yule aliyesamehewa kwa kumpa mbwa maji, kisha akatuchapa kila mtu. Naomba wajuzi mueleze kwa nini wanashikamana, watoto wa sasa nao wanarusha mawe vilevile.

#17 Bwana Mifugo
10 Machi, saa 4:40 usiku

Sheikh, shina la uume wa mbwa lina fundo. Likishaingia ndani linavimba, na misuli ya uke inalibana. Hapo hakuna wa kumtoa mwenzake. Dume anashuka, anapitisha mguu wa nyuma juu ya mgongo wa jike, wanabaki wamepeana migongo. Kwa kawaida ni dakika 5 mpaka 30, mara chache karibu saa nzima. Ukiwavuta, unamchana jike au unamvunja dume, na maji hayalegezi kitu, yanawatia hofu tu. Fundo likinywea wanaachana wenyewe.

#18 Kijana wa Goba
11 Machi, saa 11:15 jioni

Ripoti. Daktari kaingiza kidole, njia iko wazi. Ute umetazamwa: bado kidogo, kasema keshokutwa. Vipimo vya bruselosi vya wote wawili safi. Damu ya leo imeanza kuwa ya waridi.

#19 Kijana wa Goba
13 Machi, saa 4:30 asubuhi

WAKUU IMEKUBALI.

Niwape yote. Tumefika Kimara saa kumi na mbili kasorobo, manyunyu kidogo, hakuna jua. Baba Bosco katandika zulia la zamani la sebuleni nyuma ya nyumba. Watoto wamefungiwa ndani. Nilipomkuna Chausiku mgongoni, mkia ukaenda kulia wenyewe kama mlango wa kabati. Nikajua leo leo.

Wakacheza. Bosco kapanda kichwani (Mama Mabanda wewe ni mganga?). Hatukusema kitu. Kapanda ubavuni. Kimya. Kila akishuka anamtazama Baba Bosco, na Baba Bosco anatazama mawingu. Mara ya tano au ya sita nikamgeuza Chausiku taratibu, nimemshika mashavu kwa mikono yote miwili, paji langu la uso kwenye lake, namnong'oneza upuuzi tu. Bosco kapanda sawasawa, kahangaika, kashuka. Tukapumzika, wakanywa maji. Mara iliyofuata nikasikia Chausiku anakaza mwili mzima, halafu katoa mlio mmoja mrefu ambao nadhani Kimara yote imeamka. Akataka kukaa. Nikakumbuka mkonge wa Tanga. Nikamwekea goti chini ya tumbo asikae, Baba Bosco kamkumbatia Bosco kwa nyuma asishuke haraka. Baada ya dakika moja hivi Chausiku kalegea, kaanza kunilamba kidevu.

Bosco hakujua kugeuka. Kabaki juu, mguu mmoja hewani, anatetemeka. Baba Bosco kauchukua ule mguu kauvusha upande wa pili kama unavyomsaidia mzee kushuka basi. Wakapeana migongo.

Hapo ndipo mlinzi wa nyumba ya pili kachungulia juu ya ukuta, kaona, kashuka, karudi na ndoo. Nimemwona akiinyanyua! Baba Bosco kapiga ukelele ambao mbwa wenyewe hawakuupiga. Mlinzi kasema alitaka kusaidia, mbwa wamekwama.

Dakika 18 kwa saa ya simu. Wakaachana, Bosco kajilamba, kalala juu ya zulia.

#20 Pilipili Kichaa
13 Machi, saa 4:41 asubuhi

Mlinzi apewe soda. Zulia lisirudi sebuleni.

#21 Bwana Mifugo
13 Machi, saa 6:10 mchana

Hongereni, mmewashika vizuri. Baba Bosco, hakikisha uume umerudi wote ndani. Wakati mwingine nywele za ngozi ya nje zinajikunja unabanwa nje, unavimba, unakauka. Ukipita nusu saa bado uko nje, ulowanishe kwa maji ya baridi safi na umwahishe kwa daktari, usingoje kesho.

Rudieni tarehe 15. Na msimnyanyue jike miguu ya nyuma kama toroli eti mbegu zisimwagike, najua mtaambiwa. Kunasana kumeshafanya hiyo kazi.

La mwisho na msikie vizuri: jike BADO yuko kwenye joto. Ataendelea kukubali siku kadhaa, na hajui maana ya ndoa. Madume mawili yakimpanda siku zinazokaribiana, tumbo moja linaweza kuwa na watoto wa baba wawili. Mfungie mpaka amalize kabisa wiki tatu tangu damu ya kwanza, na zaidi kama bado anasogeza mkia.

#22 Kijana wa Goba
13 Machi, saa 6:22 mchana

Daktari ondoa shaka. Geti langu la chuma, hapiti hata paka.

#23 Baba Bosco
15 Machi, saa 2:05 asubuhi

Mara ya pili imekwisha asubuhi hii. Bosco kaenda moja kwa moja nyuma, hakupita kichwani. Kajigeuza mwenyewe. Dakika 24. Chausiku hakulia. Mlinzi alikuwepo, safari hii kakaa kwenye kiti chake na chai.

#24 Kijana wa Goba
12 Aprili, saa 10:18 jioni

Leo altrasaundi. Mioyo inadunda! Daktari kahesabu minne, kasema kipimo hiki hakihesabu vizuri, mwenye kutaka idadi arudi baada ya siku ya 55 apige eksirei. Siendi, nitangoja.

#25 Mama Mabanda
12 Aprili, saa 1:50 usiku

Hesabu siku 63 tangu mayai yatoke. Kwa hesabu yenu ni katikati ya Mei. Wiki ya mwisho mpime joto la mwili kila asubuhi na jioni, likishuka chini ya nyuzi 37, watoto wanakuja ndani ya saa 24. Sanduku la kuzalia mzoeshe mapema, la sivyo atazalia kwenye kabati lako la nguo.

#26 Kijana wa Goba
16 Mei, saa 3:00 asubuhi

Kazaa. Usiku wa kuamkia leo, wa kwanza saa nne, wa mwisho saa tisa. Watano, wote wazima. Nimechoka sana, nitaandika baadaye.

#27 Baba Bosco
16 Mei, saa 3:08 asubuhi

Allah bariki! Picha mbona hakuna?

#28 Baba Bosco
17 Mei, saa 2:00 usiku

Kijana wa Goba picha.

#29 Kijana wa Goba
19 Mei, saa 4:35 usiku

Wakuu naomba niseme jambo, na Baba Bosco naomba usikasirike kabla hujamaliza kusoma.

Watatu ni weusi wenye miguu ya kahawia, Bosco mtupu. Wawili ni rangi ya mchanga. Nywele fupi, zimelala kama za mbuzi.

Mnakumbuka mvua zilivyoanza katikati ya Machi. Maji ya barabarani yanapita chini ya geti langu, yakachimba udongo, pakabaki uwazi. Sikuutilia maanani, nilikuwa nimelisifia geti humu. Tarehe 16 alfajiri nimetoka kwenda kazini nikamkuta Popi wa muuza chipsi, yule koko wa rangi ya mchanga, amekaa kibarazani kwangu na Chausiku, wote wametulia tuli. Nikamfukuza. Sikuwaona wamenasana. Nikajiambia wamekutana tu. Nikaweka jiwe kwenye uwazi, nikanyamaza. Miezi miwili nimenyamaza.

#30 Pilipili Kichaa
19 Mei, saa 4:37 usiku

"Hapiti hata paka."

#31 Mama Mabanda
19 Mei, saa 4:58 usiku

Tarehe 16. Mayai yalikuwa ndiyo kwanza yameiva. Popi hakuhitaji hadubini.

Mimi mama mweusi tii na baba mwenye miguu ya kahawia sijawaona wakizaa rangi ya mchanga. Wanaobishana wapime vinasaba, lakini hao wawili wasiuzwe kwa jina la German Shepherd. Na Chausiku apimwe, maana Popi hakupimwa na mtu.

#32 Bwana Mifugo
19 Mei, saa 5:15 usiku

Apimwe bruselosi na akaguliwe ule uvimbe, mara moja sasa na mara nyingine baada ya miezi mitatu, unaweza kuchelewa kujitokeza. Hata Popi mleteni, nitamtazama bure, na nitamchanja kichaa cha mbwa.

#33 Baba Bosco
20 Mei, saa 12:45 asubuhi

Nimesoma mpaka mwisho. Ungeniambia tarehe 16. Hasira yangu ni hiyo tu, kwa sababu siku ile ile Bosco alilala na huyo jike wako, angekuwa ameambukizwa mimi ningejuaje? Chaguo la kwanza liko palepale.

#34 Kijana wa Goba
20 Mei, saa 12:52 asubuhi

Bosco alikutana naye tarehe 15, Popi ni 16. Ila uko sahihi, ningekuambia. Nisamehe kaka. Chaguo la kwanza ni lako.

#35 Baba Bosco
20 Mei, saa 1:10 asubuhi

Tarehe nimechanganya kwa hasira. Msamaha umepokelewa.

#36 Kijana wa Goba
12 Julai, saa 12:30 jioni

Wiki nane zimetimia. Chausiku na Popi vipimo safi mpaka sasa. Baba Bosco kaja leo kuchagua, kaja na binti yake wa miaka sita. Nimewapanga wale watatu weusi mbele, nimewaogesha. Binti kapita kama hawaoni, kaenda nyuma ya ndoo, karudi amembeba yule mdogo wa rangi ya mchanga, kamkumbatia shingoni. Baba Bosco kamwambia binti, "Mama, hebu angalia na hawa." Binti kajibu huyu ndiye. Tumezunguka nusu saa.

Kaondoka naye. Jina ni Chipsi.

#37 Mgeni wa Mbezi
3 Septemba, saa 8:20 mchana

Wakuu nimeuona uzi huu leo, sijasoma wote. Jike wangu yuko siku ya tisa, nasikia ndiyo siku yenyewe. Naweza kumleta kwa Bosco kesho mchana?

#38 Kijana wa Goba
3 Septemba, saa 8:31 mchana

Damu yake ina rangi gani, na geti lako lina uwazi chini?